Hadithi, mashairi na tamthiliya kwenye kozi ya insha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanachuo wa mwaka wa kwanza wanaosoma nami kozi ya uandishi wa insha hapa Mtwara. Muhula wa pili wote tunasoma fasihi, na maswali huwa yale yale: koridoni, kwenye kundi la WhatsApp la darasa, hata nikiwa feri nachagua samaki. Nimeyaweka hapa karibu na mnavyoyauliza. Pengine nimejibu kwa kirefu kwa sababu swali ni gumu. Pengine mstari mmoja umetosha.

Madam, mimi nasomea uhasibu. Mashairi yananihusu nini?

Kozi hii haina mpango wa kukugeuza mshairi. Inakufundisha kusoma maandishi kwa makini mpaka uone kinachosemwa na kinachofichwa, kisha kuandika kurasa chache zitakazomfanya mtu mwingine akubali kwamba ulichokiona kipo kweli. Mhasibu anafanya hivyo kwenye taarifa ya ukaguzi. Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anafanya hivyo anapoandika muhtasari wa mkutano ambao nusu ya wanachama wanasema bei hawakuikubali.

Tunatumia fasihi kwa sababu moja ya kiutendaji. Ukiandika insha kuhusu soko la korosho utahitaji takwimu za misimu kadhaa, na atatokea mtu aseme kuna ripoti hukuisoma. Ukiandika kuhusu shairi la beti tano, mimi na wewe tuna beti zile zile tano. Cheo changu hakiniongezei ubeti wa sita. Ni mahali pachache sana chuoni ambapo mwanachuo wa mwezi wa kwanza anaweza kumbishia mkufunzi wake na akawa sahihi.

Sekondari nilifaulu vizuri kwa fani na maudhui. Mbona insha yangu ya kwanza imepata alama ndogo?

Kwa sababu umejaza fomu. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Halafu dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa. Vitu hivyo vyote vipo na majina yake yanafaa. Tatizo ni kwamba wengi mmefundishwa kuvitaja kimoja kimoja na kuweka mfano chini yake, kama kwamba shairi limeandikwa ili tupate mahali pa kuokota tashibiha.

Tutazame kwa karibu. Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya darasa, msiutafute kitabuni:

Korosho tumeokota, msimu umeshafika,
Ghalani tumezileta, mizani imetamka,
Karani ametuita, kalamu inaandika,
Baba kimya anafuta, jasho lililomwagika.

Aya ninayoletewa mara nyingi ni hii:

"Mshairi ametumia tamathali za semi. Mfano ametumia tashihisi pale aliposema mizani imetamka. Pia ametumia muundo wa tarbia kwani ubeti una mistari minne. Pia dhamira ya kazi imejitokeza pale aliposema korosho tumeokota. Pia kuna ujumbe kwamba tufanye kazi kwa bidii."

Hakuna uongo hapo, isipokuwa huo ujumbe wa mwisho, ambao haumo kabisa. Umeletwa kutoka nyumbani. Lakini ukizisoma sentensi hizo tano, hakuna hata moja inayoihitaji nyingine. Unaweza kuzichanganya upya na aya ikabaki ile ile.

Sasa hii:

"Katika ubeti huu kila kitu kina sauti isipokuwa mkulima. Mizani 'imetamka', karani 'ametuita', kalamu 'inaandika'. Mshororo wa mwisho unapomleta baba, neno linaloandamana naye ni 'kimya'. Tashihisi ya mizani inapata uzito hapo: chombo cha chuma kimepewa kinywa, na aliyelima amenyang'anywa. Hata kitendo alichoachiwa, kufuta jasho, ni cha kumaliza kazi ambayo malipo yake yanazungumzwa na wengine."

Tashihisi imetajwa zote mbili. Kwenye aya ya pili ina kazi ya kufanya. Huo ndio upungufu wa alama zako, na hauondoki kwa kuongeza tamathali nyingine tatu.

Hoja kuu ni nini hasa? Nitajuaje kama ninayo?

Ni sentensi ambayo msomaji mwenye akili zake anaweza kuikataa. "Ubeti huu unahusu korosho" haiwezi kukataliwa na yeyote, kwa hiyo si hoja. "Ubeti huu unamwonyesha mkulima aliyepoteza sauti siku ya mavuno yake mwenyewe" inaweza kukataliwa. Mwenzako atasema hapana, kimya cha baba ni cha mtu aliyeridhika: mzigo umefika, jina limeandikwa, anafuta jasho apumzike. Vizuri sana. Hapo una mtu wa kubishana naye, na insha imepata sababu ya kuandikwa. Rudi kwenye mistari utafute kinachompinga. Kwa mfano, vitenzi vinavyotangulia katika mishororo miwili ya mwanzo vina "tu-": tumeokota, tumezileta. Baada ya ghala kuingia, nani tena anasema "tu-" kama mtendaji? Hakuna. Inabaki "ametuita", na hapo sisi ndio tunaotendwa.

Jaribio langu ni rahisi. Msomee mwenzako wa bweni hoja yako. Akisema "ndiyo" bila kuinua macho kwenye simu, huna hoja bado.

Steshenari wanauza mwongozo wa kitabu. Nikisoma huo si inatosha?

Haitoshi, na huwa naujua ukishatumika: insha kumi na mbili zinakuja na mfano ule ule, zimekosea ukurasa ule ule.

Kitabu kimoja tunagombania watu kumi. Tufanyeje?

Hili nalielewa na silifanyii mzaha. Maktaba ya mkoa ipo, na wanachuo wengi wanaifikia mara moja tu, siku ya kuonyeshwa. Kachunguzeni. Mnaweza pia kuchanga mkanunua nakala mbili kwa chumba kizima na kupangiana zamu. Hadithi fupi haimchukui mtu zaidi ya jioni moja. Ndiyo maana mwanzoni natumia matini fupi zinazoenea kwenye karatasi moja. Kuna wanaoleta vitabu vya kaka zao vikiwa na maandishi ya penseli pembeni. Vileteni. Maandishi ya msomaji aliyetangulia mara nyingine yana akili kuliko mwongozo.

Hadithi fupi naisoma, naifurahia, nikitakiwa kuandika sina la kusema. Nianzie wapi?

Anza na nani anasimulia na anajua kiasi gani. Halafu uliza kisichosemwa. Chukua mwanzo huu, nao ni wa kubuni:

"Mtu wa kangomba alikuja na kopo lake mwenyewe. Mama hakulitazama kopo. Alitazama mlango wa chumba alicholala Sefu, ambaye Jumatatu alitakiwa kurudi shule. 'Pima,' alisema."

Kwa wale waliotoka mikoa mingine: kangomba ni ununuzi wa korosho kwa vipimo vya mitaani, nje ya utaratibu wa stakabadhi ghalani (korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada), na kwa kawaida humkuta mkulima akiwa na shida kabla mnada haujafika. Mtu wa Tandahimba au Ruangwa hahitaji maelezo hayo, na msimulizi wetu naye hakuyatoa. Hilo tayari ni jambo la kuandika: hadithi inamchukulia msomaji wake kuwa mwenyeji.

Endelea. Msimulizi yuko nje ya kichwa cha mama. Anatuambia macho yalikokwenda, hatuambii moyo ulisema nini. Hakuna sentensi inayosema kopo ni kubwa kuliko inavyodaiwa. Kuna "lake mwenyewe", na kuna mama ambaye hakulitazama. Kwa nini mtu asitazame kipimo kinachopima mali yake? Kwa sababu anajua atakachokiona. Jibu liko kwenye mlango wa Sefu, na hadithi imetuachia sisi tuunganishe kopo na mlango.

Sasa fanya zoezi ambalo hunipa matokeo mazuri kuliko yote: andika upya aya hiyo mama mwenyewe akisimulia kwa "mimi". Utaona lazima ajieleze. Atasema alijua anapunjwa, atasema ada, atasema afadhali. Ukishaandika, jiulize umepoteza nini. Wengi husema wamepoteza kile kimya kabla ya "Pima". Hapo una hoja kuhusu msimulizi, na umeipata kwa mkono wako bila kukariri maana ya nafsi ya tatu.

Onyo moja. Kila mwaka yupo anayeandika kwamba baba yake Sefu amefariki. Hadithi haikusema. Kutokuwepo kwa baba ni ushahidi unaoweza kuutumia. Kifo chake ni uvumi wako.

Ni lazima nihesabu mizani?

Ndiyo, yaani silabi za kila mshororo, angalau kwa beti mbili za mwanzo, kwa vidole. Rudi kwenye ubeti wa korosho: Ko-ro-sho tu-me-o-ko-ta, nane. M-si-mu u-me-sha-fi-ka, nane. Ile "m" ya mwanzo inahesabiwa kwa sababu inatamkwa peke yake, kama ilivyo kwenye ta-m-ka. Mshororo una mizani 16, vipande viwili vya mizani 8. Vina vya kati ni -ta, vya mwisho ni -ka. Mishororo minne, basi ni tarbia. Kazi ya dakika tano.

Unahesabu ili ujue pale utaratibu unapovunjika au unapofanya jambo. Mshairi akikata neno lipungue mizani, hiyo ni inkisari, na mara nyingi hakuna cha ajabu, alikuwa anatafuta nafasi tu. Lakini beti sita zikiwa na mizani 16 sawasawa na ya saba ikawa na 12, simama. Ama mpiga chapa amekosea, ama mshairi anataka ujikwae hapo. Kamwe usiandike "shairi lina urari wa vina na mizani, hivyo linavutia". Uvutie nini? Sema urari huo unafanya kazi gani katika shairi hilo. Kwenye ubeti wetu vina havibadiliki hata baba anapoingia. Ngoma inaendelea vilevile, na mimi naona ukatili fulani hapo. Unaweza kukataa.

Utenzi ni mwepesi kuhesabu: mishororo minne ya mizani 8, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, wa nne una kina kingine, kiitwacho bahari, kinachorudi kila ubeti mpaka mwisho. Umbo hilo lilichaguliwa kwa masimulizi marefu. Kusini tuna mfano wetu: utenzi wa vita vya Maji Maji ulitungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, mtu aliyeishi zama hizo. Ukisoma utenzi, usisimame kila ubeti kutafuta tamathali. Soma kwa sauti na uache ukubebe, kisha rudi pale uliposhtuka.

Shairi lisilo na vina ni shairi?

Ugomvi huu una umri kuliko nyinyi nyote. Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za utunzi na kuzichapisha mwaka 1954, na kwa wanamapokeo vina na mizani ndiyo uhai wa ushairi wa Kiswahili. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akachapisha Kichomi, mashairi yasiyofuata sheria hizo, na malumbano yakawaka magazetini na vyuoni. Wanausasa wakasema mapigo ya lugha yanatosha, na kwamba makabila mengi ya bara yana nyimbo zisizo na vina na hakuna aliyewahi kuziita nathari.

Kwa kozi hii, nakubali yote mawili ni mashairi na nadai kitu kimoja. Kama shairi halina vina, niambie mshororo unakatwa wapi na kwa nini pale. Mwandishi wa shairi huru ameacha chombo kikubwa. Lazima anatumia kingine: mkato wa mstari, marudio, nafasi nyeupe kwenye ukurasa. Kama hutumii hata kimoja katika uchambuzi wako, umeandika kuhusu habari iliyomo ndani tu, na hiyo ungeipata hata kwa kusimuliwa.

Anayesema "mimi" kwenye shairi ni mshairi mwenyewe?

Mchukulie kuwa msemaji wa shairi, mpaka uwe na sababu ya kusema vingine. Mimi sijawahi kuwa na baba mwenye mikorosho.

Tamthiliya naichoka. Ni mazungumzo matupu. Niisomeje?

Unaisoma kimya kitandani, ndiyo maana. Gawaneni nafasi watu wanne na msome kwa sauti, mmoja asome maelekezo ya jukwaani. Maelekezo hayo, yale ya maandishi ya mlalo ambayo wengi huyaruka, ni nusu ya mchezo. "Anakaa" na "Anakaa, mgongo kwa wageni" ni habari mbili tofauti.

Njia nzuri ya kuelewa tamthiliya ni kujaribu kuhamisha kitu kiende huko. Chukua aya yetu ya kopo la kangomba, uipeleke jukwaani. Mara moja unakwama kwenye "ambaye Jumatatu alitakiwa kurudi shule". Jukwaani hakuna msimulizi wa kusema hivyo. Utafanyaje? Kundi moja mwaka uliopita lilitaka mama aseme: "Unajua Sefu anarudi shule Jumatatu." Nikauliza, kwa nini amwambie mnunuzi? Hiyo ni kumpa mwenye kopo silaha. Kundi jingine likaanika sare ya shule kwenye kamba, na tranka la bati wazi karibu na mlango, na hakuna anayelitaja. Mnunuzi anaingia, anaiona sare, anatabasamu, ndipo anatoa kopo. Maneno hayajaongezeka hata moja, na sasa mnunuzi naye anajua. Hilo halikuwemo kwenye hadithi! Jukwaa limeongeza.

Ukielewa kisa hicho cha sare utaacha kuandika kwamba tamthiliya "ina dayalojia nyingi". Utauliza: mhusika gani anajua nini, alijuaje, na sisi watazamaji tulijua kabla yake au baada yake?

Tanzia (mchezo wa huzuni) na ramsa (wa kuchekesha), na tanzia-ramsa inayochanganya, mtazikuta kwenye notisi zenu. Msizitumie kama muhuri wa kugonga kwenye ukurasa wa kwanza.

Tunasoma tamthiliya ya Kinjeketile. Naruhusiwa kuitumia kama historia ya Maji Maji?

Hapana, na swali hili linatuhusu watu wa kusini kuliko wengine. Ebrahim Hussein amezaliwa mkoa wa Lindi, na tamthiliya yake ilichapishwa mwaka 1969, miaka 64 baada ya vita kuanza. Vita vyenyewe vilianzia Umatumbi: Julai 1905, watu wa Nandete, leo wilaya ya Kilwa, waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Mtu ambaye historia inamjua kama Kinjikitile Ngwale, wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Agosti mwaka huo huo, mwanzoni kabisa. Vita vikaendelea bila yeye hadi 1907, vikasambaa mbali na Umatumbi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi sana.

Sasa angalia tamthiliya inavyofanya. Kinjeketile wa jukwaani anabeba shaka ambayo nyaraka haziwezi kutupa. Ameleta neno, neno limekua kuliko yeye, na watu wanalielewa kwa namna inayomtia hofu. Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji, ile dawa iliyoaminika kuwakinga watu na risasi, yalikuwa uongo, na anakataa. Kwa nini akatae jambo analolitilia shaka mwenyewe? Hilo ni swali la insha, na linajibika kwa kusoma mchezo, hasa anavyozungumzia watakaokuja baadaye. Historia inakusaidia kuona alichochagua mwandishi: angeweza kuandika mchezo wa vita na mashujaa, akaandika mchezo wa mtu mmoja na neno lake. Tumia historia kuuliza "kwa nini amechagua hivi". Usiitumie kumsahihisha, wala usinukuu maneno ya mhusika kana kwamba yalirekodiwa Ngarambe.

Mwenye babu au bibi anayesimulia habari za vita hivyo alizorithi kwa wazee wake, na wapo Kilwa na Liwale, aje tuongee. Masimulizi hayo ni matini ya tatu, na yanaweza kuzaa insha bora kuliko zote darasani.

Ngoma ya mapiko au unyago ni drama? Naweza kuandikia?

Wataalamu wamebishana muda mrefu kama sherehe za jadi ziitwe sanaa za maonyesho sawa na tamthiliya, na wengi wa hapa kwetu wamejibu ndiyo kwa masharti. Mapiko yana kinyago, mchezaji aliyejificha ndani yake, watazamaji wanaokimbizwa wakicheka na kuogopa kwa pamoja, na wapiga ngoma wanaoongoza mwendo. Vyote hivyo utavikuta jukwaani. Tofauti ni kwamba mchezaji wa jukwaani anataka umjue baada ya pazia kufungwa. Wa mapiko hataki. Insha ya kurasa nne inaweza kuishi kwenye tofauti hiyo peke yake.

Andikia ulichokiona uwanjani, kilichochezwa mbele ya watu wote. Ya ndani, anayofundisha nyakanga au yanayosemwa jandoni, yana wenyewe. Usiyaandike kwa kuwa unataka alama. Nikiyaona nitaikunja insha na kukurudishia tuongee pembeni.

Naruhusiwa kuandika "mimi naona"?

Ruhusa, kwa uchache. "Naona" ikifuatwa na ushahidi haina ubaya. Ikifuatwa na nukta, ifute.

Kimakonde kinaniponyoka kwenye Kiswahili changu. Nitakatwa alama?

Kwenye zoezi la kubuni, mhusika wako na aseme anavyosema watu wa kwao. Bibi wa Newala akiongea kama mtangazaji wa redio atanishangaza. Kwenye hoja yako, tumia Kiswahili sanifu. Shida ya "l" na "r" naiwekea alama pembeni bila kukata mara ya kwanza. Nakata pale maana inapogeuka, maana "kura ya wanachama" na "kula ya wanachama" ni mikutano miwili tofauti.

Ninukuu vipi?

Maneno machache yaingize ndani ya sentensi yako kwa alama za mtajo, na ukurasa kwenye mabano. Mishororo miwili ya shairi ndani ya aya itenganishe kwa mkwaju (/). Ikiwa mitatu au zaidi, ishushe chini, iweke peke yake, bila alama za mtajo, kama ilivyo kitabuni. Kwa tamthiliya, taja sehemu au onyesho pamoja na ukurasa, kwa kuwa nakala zenu ni za matoleo tofauti na kurasa hazilingani. Orodha ya marejeo ni kwa mtindo wa APA, kama idara inavyodai.

La muhimu kuliko mabano: usiache nukuu iseme peke yake. Kama umenukuu mshororo mmoja, una deni la sentensi mbili zako. Na usifungue aya kwa nukuu ndefu. Mara nyingi ni dalili kwamba ulikosa la kusema ukamwita mshairi akusaidie.

Programu za akili unde je? Kila mtu anatumia.

Najua. Nimezijaribu kwa vitabu vya Kiswahili tunavyosoma, na zilinipa wahusika wasiokuwemo, kwa ujasiri mkubwa. Kama unaitumia kukagua tahajia, sawa, niandikie mwishoni kwamba ulifanya hivyo. Ukiipa kazi ya kusoma, umelipa ada ili programu ijifunze insha. Nikishuku, nakuita ofisini unisomee aya yako na kunionyesha mistari ulikoitoa. Hakuna adhabu kwenye hatua hiyo. Aliyesoma hufungua kitabu penyewe ndani ya nusu dakika.

Kuhusu desa la mwaka jana, yaani kazi ya mwenzako unayoinakili, jibu ni hilo hilo, isipokuwa desa lina mwandiko ninaoujua.

Chumba cha mtihani nina dakika arobaini kwa swali. Yote haya yatawezekana?

Hayatawezekana yote. Tumia dakika kumi za mwanzo kusoma matini mara mbili na kupiga mstari chini ya maneno matatu au manne yaliyokushtua. Andika hoja yako kwenye sentensi moja kabla ya kitu kingine. Aya tatu zinatosha, kila moja ikishika neno lako moja. Utangulizi usiuzidishe mistari mitatu, "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha..." siihitaji, nilikuwepo ilipofundishwa.

Wewe Madam unaona hivi, mimi naona vingine. Ukinisahihisha si nitaanguka?

Soma tena swali la hoja kuu. Nilipoutoa ule ubeti darasani, mwanachuo mmoja alisema baba amekaa kimya kwa sababu anahesabu kichwani, anamfuatilia karani asije akapunguza kilo. Kimya cha tahadhari. Sikuwa nimelifikiria, na mimi ndiye niliyeutunga! Alipata alama ya juu, kwa kuwa aliunganisha "kimya" na "kalamu inaandika" katika mshororo uliotangulia, akasema anayetazama kalamu hana nafasi ya kuongea. Angesema tu "kwa maoni yangu baba ana akili", asingepata kitu.

Kuna usomaji unaokataliwa, msidhani kila kitu kinapita. Ukisema baba anacheka, matini inakupinga. Ukisema ubeti unahusu gesi ya Mnazi Bay kwa mafumbo, nitakuuliza gesi iko mshororo wa ngapi.

Insha imerudi imejaa wino mwekundu. Nianzie wapi kuisahihisha?

Usianze na tahajia. Tafuta kwanza sentensi yenye hoja yako. Wengi huikuta aya ya mwisho, kwa sababu waliigundua wakiwa wanaandika. Ihamishie mwanzo. Halafu pitia kila aya uulize inaisaidiaje sentensi hiyo, na isiyosaidia iondoe, hata kama ndiyo uliyoipenda. Kisha angalia nukuu kama zina maelezo yake. Tahajia na alama za uandishi mwisho kabisa, na kwa sauti, maana sikio hukamata kinachoruka jicho. Una wiki mbili tangu siku niliyorudisha. Leta toleo jipya pamoja na la zamani, yakiwa yamebanwa pamoja, la zamani nyuma.